Mtawa aliyempigia magoti mjomba wake

Kraków, Jumapili jioni

Mpendwa Gaspar,

Salaam nyingi. Mimi mzima, ila baridi inanikomesha. Leo imenikimbiza hadi makumbusho ya ghorofani pale Sukiennice, soko la zamani la vitambaa, nikakutana na mchoro wa Jan Matejko wenye upana unaokaribia mita 8. Nimekaa mbele yake nikikuwaza wewe, mseminari wetu.

Anayepiga magoti ni Albrecht wa Brandenburg-Ansbach. Mwaka 1511, ana miaka 20 tu, alichaguliwa Mkuu wa Shirika la Kiteutoni, wale watawa wapiganaji wa Kijerumani waliokuwa wakitawala Prussia, nchi jirani ya Poland: joho jeupe, msalaba mweusi, upanga kiunoni, na nadhiri zilezile unazozijua za ufukara, useja na utii. Walimchagua kwa hesabu. Mama yake ni dada wa Zygmunt, mfalme wa Poland, basi wakadhani mjomba atalegeza kamba asidai kile kiapo cha utii ambacho Mkuu wa Shirika alipaswa kumwapia mfalme wa Poland. Wapi! Mpwa akagoma kuapa, 1519 wakaingia vitani, na 1521 wakasimamisha mapigano kwa miaka 4.

Akazunguka Ujerumani kutafuta msaada, akarudi mikono mitupu. Ila huko alimsikia Osiander, mhubiri wa Kiprotestanti, akihubiri, na 1523 akaenda Wittenberg kwa Martin Luther. Luther akamwambia: achana na kanuni za shirika, oa, Prussia iwe milki ya ukoo wako. Mkuu wa shirika la kitawa anaambiwa hivyo!

Tarehe 10 Aprili 1525, kwenye uwanja huu ninaoukatiza kila asubuhi nikienda chuoni, alimwapia mjomba wake na kuinuka akiwa mtawala wa kurithi wa Prussia. Mwaka uliofuata akamwoa Dorothea, binti wa mfalme wa Denmark. Usimwite mlaghai upesi, maana 1544 alianzisha chuo kikuu Königsberg, Kaliningrad ya leo. Lakini nadhiri ni nadhiri, hapo sina la kumtetea.

Matejko alimaliza kuchora 1882, Poland imeshagawanywa, na Prussia ni mmojawapo wa waliojimegea. Ndiyo maana chini ya kiti cha mfalme kamweka Stańczyk, mchekeshaji wa ikulu, amekaa na mawazo yake, hachekeshi mtu.

Baba gombera wenu angemwambiaje Albrecht? Nijibu, na mama msalimie sana.

Wako,
Deo