Risala kwa mgeni rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, kutoka kwa kikundi cha kusafisha josho la zamani

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu wetu, mwalimu mkuu ambaye kiwanja ni chake na viti pia ni vyake, wazee wa kijiji, masheikh na wachungaji, akina mama wa jikoni ambao saa hizi hawatuskii kwa ajili ya moshi, vijana na watoto, hamjambo nyote na karibuni sana.

Mheshimiwa, karibu bara. Tunajua ukishaacha barabara kubwa ya Sala Gate ukaingia njia yetu vumbi halichagui cheo, kwa hivyo ahsante kwa kufika, na ahsante zaidi kwa kufika leo leo maana wengine tuliwaalika wakafika kwa simu.

Historia tutapita haraka kwa sababu tushaambiwa una hafla nyingine Watamu. Josho hili lilijengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya kupe na ugonjwa wa ndigana wanaouleta. Ng'ombe wa huku kote walikuwa wanaletwa, wanatumbukia mmoja mmoja kwenye handaki, wanaogelea, wanatokea upande wa pili wanasimama kwenye sakafu wachuruzike ili dawa irudi shimoni. Tope likijaa chini linachotwa kwa sepetu na kumwagwa hapo hapo pembeni, miaka nenda miaka rudi. Miaka ya tisini serikali ikajitoa kwenye majosho ikasema wananchi wajiendeshee, sisi hatukuwa na pesa ya dawa, josho likafa, mabati ya paa yakaondoka usiku (hatutaki kutaja nyumba), ikabaki ile simiti na lile tope. Baadaye shule ikajengwa jirani. Hiyo ndo historia.

Kikundi chetu kimepata mafanikio makubwa sana mheshimiwa. Tuna cheti cha usajili, tuna akaunti ya benki ambayo haijafungwa mpaka leo, tuna grupu ya WhatsApp iliyo hai usiku na mchana. Tumezungushia josho seng'enge na nje ya seng'enge tumepanda mikilifi na mingi imeshika. Tumeweka kibao cha hatari chenye fuvu, kazi ya vijana wetu wenyewe, wapo wanaosema fuvu lile linacheka lakini ujumbe umefika. Kwa kadiri tujuavyo hakuna kijiji kingine upande huu kilichofanya kazi kama hii kwa mikono yake, na kama kipo basi hakijaandika risala.

Kubwa kuliko yote tumelichota lile tope la pembeni. Vijana walivaa gambuti na glavu na barakoa, wakamwagia maji kwanza lisitimue vumbi, wakalipakia kwenye mifuko ya nailoni miwili miwili, mfuko ndani ya mfuko, halafu ndani ya mapipa. Mapipa 14 mheshimiwa. Yako pale chini ya mkilifi mkubwa nyuma ya choo cha wavulana, ukigeuka kidogo kushoto utayaona, yale yaliyofunikwa turubai la bluu.

Sasa hapo kwenye mapipa ndo tunaomba utuskize vizuri, yale mengine tulikuwa tunasalimiana tu.

Dawa za josho zamani zilikuwa arseniki, baadaye zikaja toksafeni na DDT. Hizi mbili za mwisho zimo kwenye ile orodha ya kwanza ya sumu 12 za Mkataba wa Stockholm wa 2001, na Kenya imeuridhia tangu 2004, kwa hivyo hatuombi kitu cha ajabu ambacho nchi haijakiwekea saini. Lakini inayotunyima usingizi ni arseniki. Hizo nyengine zinachukua miaka mingi ila zinapungua pole pole, arseniki haiozi, ni madini, iliyomwagwa na babu bado ipo. Tena haichomeki, tunasema hivi kwa sababu kuna mgeni mmoja wa nyuma alitushauri tumwagie petroli tupige kiberiti. Ukiichoma inapanda na moshi, inatua kwenye paa la darasa, mvua ikinyesha inaingia kwenye tangi la shule. Tulimshukuru kwa ushauri.

Na ule udongo una chumvichumvi, mbuzi wanaupenda. Kabla ya seng'enge mama mmoja wa hapa aliwakuta mbuzi wake watatu wanalamba pale kwenye sakafu ya kuchuruzikia, jioni wakaanza kuhara maji matupu na asubuhi wawili walikuwa wamekufa, na yule wa tatu alikaa siku nzima amesimama kichwa chini hataki hata maji. (Huyu mbuzi wa pilau ya leo usiwe na wasiwasi mheshimiwa, amelelewa upande wa pili wa barabara.)

Kisima chetu kiko chini ya mteremko kutoka hapo hapo josho. Udongo ulipimwa mara moja na arseniki ikaonekana, maji ya kisima hayajapimwa hata siku moja. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za arseniki kwa lita moja, sisi hatujui tuko wapi, tunaweza kuwa chini tunaweza kuwa juu. Akina mama wanachemsha, wanajitahidi, lakini arseniki kuichemsha hakusaidii, maji yanapungua sumu inabaki, na haina rangi wala harufu wala ladha useme utaishtukia. Ukiinywa miaka mingi ndo unaanza kuona ngozi ina madoadoa, viganja vinakuwa vigumu, na mwisho wake inaweza kuwa saratani.

Utauliza kwa nini basi tusikodi tipa tukayapeleke hayo mapipa. Tuliuliza. NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya serikali, wana sheria, taka za sumu zinabebwa na gari lenye leseni yake na kupelekwa mahali penye leseni, na sisi tunaikubali sheria hiyo, hatutaki kuhamishia msiba wetu kwa kijiji cha watu. Tulitafuta mwenye leseni akatupa kotesheni, tumeiambatanisha nyuma ya risala, tunakuomba usiifungue kabla ya chakula. Tulichanga, tukauza mkaa na mbuzi na mama zetu wakaweka pesa za chama, tukafika kama robo hivi.

Hizo robo tatu, mheshimiwa, zimeahidiwa zaidi ya mara moja. Mgeni aliyekuja kabla yako alisimama hapo ulipokaa akasema kwa sauti kubwa, "Hayo mapipa niachieni mimi." Tukapiga makofi, akina mama wakamvika leso, tukamwachia, na mpaka leo tumemwachia. Mwengine alisema lori litafika wiki ijayo, hakusema wiki ijayo kutoka lini. Mwengine alipiga picha na mapipa, picha nzuri sana, tuliiona Facebook imeandikwa kwamba mradi umekamilika. Hatuna ubaya na mtu, wote tunawaombea afya njema, lakini masika yameshapita juu ya yale mapipa zaidi ya mara moja na mawili yameanza kula kutu chini kwenye ukingo. Mwalimu mkuu ameweka zamu ya wanafunzi wakubwa kuwafukuza wadogo kule, yaani mtoto badala ya kucheza saa ya mapumziko analinda sumu.

Pia tunasoma magazeti kidogo. Wenzetu wa Owino Uhuru kule Mombasa walioumizwa na sumu ya madini ya risasi ya kiwanda cha betri walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kesi ikazunguka, Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile hukumu. Na kifungu cha 42 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, tumekibandika pale ofisini. Hatusemi tunaenda kortini mheshimiwa, wakili naye ni kotesheni nyengine.

Yapo maombi mengine madogo, viti vya plastiki na jezi za vijana, hayo hata ukisahau hatutanuna. Tunachoomba ni lori la mapipa 14 na maji ya kisima yapimwe kwa Mkemia wa Serikali Mombasa, na majibu yasomwe hapa hapa kiwanjani hata yakiwa mabaya.

Kitabu cha wageni kitaletwa mbele yako sasa hivi kabla ya pilau. Ukifungua utaona wageni wote wameandika "Kazi nzuri, endeleeni." Kwenye ukurasa wako katibu amepiga mstari wa rula na juu yake ameandika "Tarehe ya lori". Tunakuomba uijaze kwa mkono wako mwenyewe, chifu atatia saini kama shahidi, na kalamu ni hii hapa.

Ni sisi wanakikundi.
Imesomwa na katibu.