Mwanangu, huko Chennai unakula nini?

Mwanangu,

Dada yako kaniambia ulishikwa na kizunguzungu darasani mpaka wenzako wakakutoa nje. Mimi uliniandikia "fresh tu mama". Sasa mi hiyo fresh siitaki, nataka kujua unakula nini, maana kila nikifungua status yako ni mkate na tambi za pakiti, na hela ikiingia tu ni kuku wa kwenye boksi, alafu mwezi haujafika hata nusu unaniambia hela imekata. Itaachaje kukata?

Na usiniambie mama hujui huku. Yale ya kumuuguza baba yako hukohuko Chennai siyarudii, unayajua, ila muuguzaji naye anakula, na mimi hela sikuwa nayo. Nilikuwa napanga foleni Amma Unavagam, zile kantini za serikali za bei rahisi, na madereva wa bajaji na wafagiaji, unalipa, unapewa tokeni, unasogea dirishani. Asubuhi idli moja, kile kikeki cha mchele cha mvuke, rupia 1, mchana wali wa sambar rupia 5, wali wa mtindi rupia 3. Serikali yao ilizianzisha 2013 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, na wanaopika ni kina mama wa vikundi. Kama kuna moja karibu na hosteli nenda, wala usione aibu. Aibu ni kuanguka darasani na wakati chakula kipo nje ya geti.

Idli unasema haina ladha. Kweli haina, ukiila kavu. Ule ni mchele na jamii ya choroko, vinasagwa, vinaachwa vichachuke usiku kucha, alafu vinapikwa kwa mvuke. Mafuta hamna, na inatoka ya moto, ndo maana hata wagonjwa wanapewa. Ichovye kwenye sambar iloe, ongeza chatini ya nazi. We mtoto wa Lindi unakimbia nazi?

Na hiyo sambar unayoiita mchuzi wa njano ni mbaazi baba. Mbaazi zilizokobolewa, zikatiwa ukwaju, na humo ndani utakuta bamia, biringanya, na yale maganda marefu mabichi ya mlonge. Yale hutafuni yote, unapasua kwa meno, unakwangua nyama ya ndani, nyuzi unaziweka pembeni ya sahani. Mimi siku ya kwanza nilitafuna mpaka taya likauma, mama mmoja pale akanionyesha kwa mkono, hatukuelewana neno hata moja. Mbaazi hizohizo ndo zilizokusomesha, na ndo zilizolala kwenye magunia humu ndani Agosti 2017 India walipoweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje. Leo zimekuja mpaka kwenye sahani yako unazisukuma pembeni!

Najua utasema ni mimi niliyekuwa nakutolea vitunguu kwenye mchuzi mpaka uko form two. Haya, nimesikia. Sasa vitoe mwenyewe ila ule.

Ile picha ya kitu chenye tundu uliyodhani ni andazi ukakuta pilipili manga nilicheka hadi bibi yako akauliza kuna nini. Ile ni vada, bhajia tu, nyingine ina tangawizi, ni nzuri na chai. Ila angalau siku ile ulijaribu, nilifurahi sana, sikukuambia tu.

Mchana tafuta sehemu zimeandikwa "meals". Wanakutandikia jani la mgomba, wanakumiminia wali, unaanza na sambar, unakuja rasam, ule mchuzi mwepesi kama maji, unamalizia na mtindi. Wanaongeza bila kudai hela nyingine, ukitosheka funika kwa mkono la sivyo watazidi kumwaga. Unakula kwa mkono wa kulia kama ulivyolelewa, kwa hiyo hamna kipya cha kujifunza hapo. Pilipili ikikuzidi usikimbilie maji, kula mtindi. Na maji yenyewe ya madumu ya lita 20, ya bomba chemsha, hilo sitaki mjadala.

Ugali unaolilia upo. Ulizia kali ya ragi, ni ulezi, unasongwa unafanywa donge. Na jua likiwaka kuna mikokoteni inauza koozh, uji wa uwele wenye mtindi, unashushia na kitunguu kibichi na pilipili mbichi. Dafu pia zimejaa barabarani. Hela ya kuku mmoja wa boksi itakulisha siku kadhaa, piga hesabu we si ndo mhandisi.

Huku bati la jikoni limeng'oka na upepo, mjomba wako anasema atakuja Jumamosi, mjomba wako na Jumamosi zake unazijua. Mbuzi kazaa pacha. Dada yako kabadilisha tena rangi ya sare za harusi, mi nimemwachia mwenyewe. Mbaazi tumeshavuna, tunangoja mnada, na wanunuzi washaanza maneno yao kwamba India haitaki. Kwa hiyo ukipita sokoni niangalizie kilo ya thuvaram paruppu, ndo mbaazi zilizokobolewa, inauzwaje, za rejareja na za gunia, piga picha kibandiko cha bei unitumie kabla ya Alhamisi. Na ukiwa hukohuko sokoni kula kitu, unitumie na picha ya sahani, ikiwa tupu.

Mama yako