Rukia, kisima kingoje kwanza

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi huku Mombasa wazima, alhamdulillah. Mama anakusalimu, asema Nairobi imekumeza. Joto halisemeki, usiku tunalala na madirisha wazi, na masika bado. Naandika badala ya kukutumia sauti kwa sababu sauti zangu huzisikilizi zikafika mwisho. Ukiona ni ndefu wajibu "sawa" na kumbe hukusikia lolote.

Haya. Shemeji kaniambia umeshamtumia fundi pesa za kisima cha ploti yako ya Utange. Kweli? Basi mwambie asimame. Sikwambii usichimbe kabisa, nakwambia asitie mtaimbo chini kabla hatujajua vyoo vya majirani viko wapi. Vyote, si choo chako tu.

Ploti yako ni futi 50 kwa 100, sivyo? Kwa mita ni kama 15 kwa 30. Watu wa afya hutaka kisima kikae angalau mita 30 kutoka shimo la choo. Piga hesabu mwenyewe. Ukiweka choo mbele karibu na njia na kisima nyuma ukutani, wewe na choo chako mmepeana nafasi. Lakini nyuma ya ukuta huo huo kuna mtu, naye choo chake kakiweka nyuma ili harufu isimfikie barazani. Wewe wachota, yeye ajaza.

Na hizo mita 30 si dawa kwetu. Penye mchanga maji hupita taratibu, yanachujika, vijidudu vingi hufa njiani. Sisi chini yetu sehemu kubwa ni jabali la matumbawe, lina matundu kama mkate wa kumimina. Maji yakipata ufa yanakimbia. Mwaka jana kina Mwinyi walipochimba nilikuwa nimesimama ukingoni. Yule kibarua aliye chini akaita apewe tochi. Kumbe amevunja jabali akakuta tundu ubavuni, akaingiza mkono mpaka kwapani, na maji yanatiririka humo, membamba, meusi kidogo. Alipoutoa mkono akaunusa, akatutazama tu. Wakaziba kwa saruji, wakaendelea. Kisima wanakitumia hadi leo, na wageni tunapewa sharubati pale pale.

Usiniambie utachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi haitoki, wala naitreti, ile kemikali ya vyooni, haitoki, na hiyo ni hatari kwa watoto wachanga. Na wewe hapo unamleta binti yako aje ajifungulie kwako.

Najua utaniuliza, mbona nisiungwe bomba la majitaka yakaisha maneno. Bomba gani, mwanangu? Mji mzima huu una mitambo miwili ya kusafisha majitaka: Kizingo hapa kisiwani, na Kipevu upande wa Changamwe, uliojengwa upokee mita za ujazo 17,000 kwa siku. Wengi wetu tuliobaki ni mashimo na gari la kunyonya. Gari lenyewe ni ghali, kwa hivyo watu wanangoja mvua kubwa inyeshe, wanafungulia shimo usiku, asubuhi watoto wa madrasa wanaruka madimbwi. Halafu kipindupindu kikija tunaulizana kimetoka wapi.

Kinachoniudhi hasa ni hiki. Kila mkutano ni maji kuingia. Tunaletewa kutoka Mzima kule Taita Taveta, kutoka Baricho kwa watu wa Kilifi, Marere na Tiwi kwa watu wa Kwale. Umeme ukipotea Baricho, mifereji inakauka tunatafuta mwenye mkokoteni. Sasa bwawa la Mwache, inshallah, nalo lije. Sawa, tuletewe. Lakini kila ndoo inayoingia mjini hutoka ikiwa chafu, na hiyo ya kutoka sioni ikipigiwa ngoma. Tangu Katiba ya 2010 huduma ya maji na majitaka ni kazi ya kaunti, maji ya jumla, haya ya kuletwa kutoka mbali, yanasimamiwa na wakala wa Pwani nzima, na jabali halijui mpaka wa kaunti wala wa ploti. Nani ataitwa mkutanoni kwa ajili ya jabali?

Nimetoka njiani. Turudi Utange.

Fundi atakwambia shimo la choo lisilo na sakafu halijai kamwe. Kweli halijai. Muulize yanakwenda wapi. Wewe jenga karo la choo lenye sakafu na kuta za zege, ulipie gari likijaa, uumie mfuko. Paa lako ni kubwa: weka gata na tangi, maji ya mvua yawe ya kunywa na kupikia, ukiyatia dawa. Kisima, ukikishikilia, kiwe cha kufulia na kuogea, na kabla ya yote maji yake yapelekwe maabara. Yapimwe tena masika, maana ya kiangazi hudanganya. Na karibu na bahari huku, bamvua ikipanda, yaani bahari ikijaa sana, maji ya kisima nayo hupanda, na mashimo ya watu yanafikiwa kwa chini. Hilo fundi hatalisema, yeye kashalipwa na kenda zake.

Lo, nimesahau: harusi ya Zuhura imesogezwa baada ya Ramadhani, yule bwana harusi ana mambo yake. Nitakwambia ukija, haya si ya kuandikwa.

Sasa nijibu. Mwenye ploti ya nyuma unamjua, au ni yule aliyeuziwa na mzee? Kisima cha mkono wa kulia, kile cha wapangaji, maji yake yalikuwa ya chumvi au matamu? Nyumba itakuwa na vyoo vingapi? Binti anatarajia lini? Na fundi ulimpa zote au nusu? Kama ni nusu, nitumie namba yake, nitamfuata Jumamosi mimi mwenyewe.

Wako,
Mwanajuma