Kuvunja nyumba si kupiga nyundo tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, alivunja banda lake la uani. Katafuta fundi wa bei poa. Vijana wanne wakaja na mitaimbo na nyundo, wakaanza na ukuta wa chini. Ukuta huo ndio uliobeba boriti, na ndio huo huo unaopakana na chumba cha mama yangu. Jioni tukakuta ufa, kidole kinaingia.

Nyumba zetu za huku ni mawe ya matumbawe na chokaa, juu boriti za mikoko. Huvunjwa kutoka juu kushuka: paa, dari, boriti moja moja, huku ukuta umeegemezwa magogo. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka upande mmoja Disemba 25, 2020, watu wawili wakafariki, na hapo ilikuwa ikitengenezwa, si kuvunjwa.

Anayetafuta mkandarasi, wa nyumba au wa duka, amuulize kwanza: kibali kiko wapi, umeme kaukata nani, kifusi kitakwenda wapi? (Kwetu gari haiingii, bila rikwama kifusi kitalala kichochoroni hadi masika.) Na mkataba useme nani analipa ukuta wa jirani ukipasuka. Jirani yangu hakuandikishiana na mtu. Fundi hapokei simu tena, na ufa tumeuziba kwa gazeti. Lako, samahani.

Mkaazi wa Malindi,
Unguja