Mtoto aijua tashbihi kwa jina, ila hajaiona kwa macho

Mhariri,

Ninaandika kuhusu alama moja kati ya nne. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu na anaishi nami hapa Kisumu. Akitoka shule jioni huja moja kwa moja kwenye kibanda changu cha ushonaji karibu na soko la Kibuye, akasogeza vitambaa pembeni na kufungua vitabu juu ya meza ya kukatia. Mwezi uliopita alifika na karatasi yake ya Kiingereza ya mtihani wa kati ya muhula, amenuna. Swali lilitokana na kifungu cha ufahamu: mvuvi amerudi ufuoni bila ndugu yake, anageuka kulitazama ziwa, na mwandishi anasema ziwa lilikuwa limetulia kama bati lililofuliwa kwa nyundo. Mwanafunzi alitakiwa ataje tamathali iliyotumika, kisha aeleze imefaa vipi mahali hapo.

Alijibu kwamba ni "simile", yaani tashbihi, ule mlinganisho wa kutumia "kama", na kwamba inaifanya hadithi ivutie na kumpa msomaji picha dhahiri. Akapewa alama moja, ya jina. Zile tatu zikaenda.

"Mjomba, lakini ndivyo tulivyofundishwa," akasema, na kunifungulia daftari. Ni kweli. Kuna kurasa nne za orodha: kushoto jina la tamathali, kulia maana yake, na chini, kwa wino mwekundu, sentensi ya kujibia. Inavutia. Inatoa picha dhahiri. Inafanya hadithi ikumbukwe. Ni sentensi hizohizo kwa tashbihi, kwa istiara, kwa uhuishaji, hata kwa chuku. Nimepekua pia kijitabu cha marudio alichoazima kwa rafiki yake, nikazikuta humo neno kwa neno. Mimi ni fundi. Nguo inayomwenea kila mteja ni shuka. Sentensi inayomtosha mvuvi aliyefiwa na inayotosha pia hadithi ya harusi haijasema lolote kuhusu huyo mvuvi.

Nikajaribu kumtafsiria ule mstari. Nilipofika "bati lililofuliwa" akanikazia macho: "Bati linafuliwa na sabuni?" Hapo nikaelewa shida ilipo. Kiswahili chetu kina kufua nguo na kufua chuma, naye alilijua moja tu. Kwa Kiingereza alilifahamu kila neno katika mstari ule, lakini kitu chenyewe hakuwahi kukitazama, ingawa kila siku anapita mbele ya mafundi wa jua kali wakigonga bati mpaka masikio yanauma.

Nilifunga cherehani tukaenda kwao. Kuna mzee pale anayetengeneza yale masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Alikuwa ananyoosha kipande kilichojikunja. Kila nyundo iliposhuka iliacha kishimo kidogo, na kila kishimo kilishika mwanga wake, kwa hiyo bati zima lilimetameta vipande vipande. Mzee akamsogezea. Msichana akapapasa kwa kiganja, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa.

Jumamosi alfajiri tukashuka Dunga, ufuo wa wavuvi ziwani. Mitumbwi ya omena, yaani dagaa, ilikuwa imesharudi, upepo ulikuwa mdogo, na jua lilikuwa chini bado. Akasimama kimya muda mrefu. Kisha: "Mjomba, ni vishimo vilevile." Nikamuuliza, kwa nini basi mwandishi hakusema kioo? Kioo nacho kinang'aa, na watu wengi husema ziwa ni kioo. Akafikiri. Akasema kwenye kioo unajiona, unaona na kilicho nyuma yako, lakini bati huoni ndani. Bati limefungwa. "Ndugu yake yuko chini, na ziwa limefungwa kama sanduku."

Hayo sikumwambia mimi. Mimi mwenyewe sikuwa nimeyafikiria. Pengine mwalimu angempinga, angesema jambo hapo ni ule ubaridi wa chuma, au ni mwanga unaomuumiza macho mtu ambaye hakulala. Ningefurahi sana ampinge hivyo, kwa sababu wangekuwa wanabishana kuhusu mvuvi na ziwa.

Jambo hili si dogo. Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 80. Ufahamu una 20, dondoo la kitabu teule lina 25, shairi au fasihi simulizi lina 20, na sarufi 15. Ukijumlisha, alama 65 zinamdai mtoto asome kitu na kukielewa. Karatasi ya tatu nayo yote ni insha, ya kubuni na ya vitabu teule. Orodha ya wino mwekundu inamfikisha kwenye alama ya kutaja jina, inamwacha hapo mlangoni.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kitu hicho mwalimu wa Kiswahili anakiitaje. "Tashbihi," akajibu, kisha akasimama katikati ya njia. "Kumbe ni kitu kimoja?" Anafundishwa Kiingereza asubuhi na Kiswahili mchana, katika darasa moja, na walimu wanaoketi katika chumba kimoja, na kwa miaka karibu mitatu hakuna aliyemwonyesha kwamba ni kitu kilekile chenye majina mawili. Ana daftari mbili, orodha mbili, na mzigo mara mbili.

Kuna na chanzo cha tatu cha tamathali, ambacho hakimo katika daftari yoyote. Babu yake, ambaye ni baba yetu, alikuwa hakosi panapopigwa nyatiti, ala yetu ya nyuzi. Waluo wenzangu wanaijua pakruok: unatoa pesa, mpigaji anasimamisha nyuzi, unajisifu au unamsifu rafiki yako mbele ya watu, kisha muziki unaendelea. Mzee wetu alizoea kujiita mvua ya Februari, kwa kuwa alikuwa akirudi nyumbani na zawadi wakati ambapo hakuna aliyemtarajia. Watu walicheka na kupiga makofi kwa sababu walijua Februari ilivyo, vumbi na majani makavu. Mpwa wangu amelisikia jina hilo tangu utotoni. Nilipomwambia kwamba ile ni istiara, kukiita kitu kwa jina la kingine bila kusema "kama", alidhani namtania. Kwake istiara ni kitu cha kwenye mtihani. Lakini kila Jumapili hapa Kibuye wauzaji wa mitumba wanapaza sauti kwamba nguo ni za bei ya kutupa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutupa kitu. Cherehani yangu ina meno, ina mguu, na ikiharibika inakula uzi. Mtoto huyu ameogelea katika tamathali tangu azaliwe.

Hasara kubwa niliiona kwenye insha. Waliambiwa waandike kwa Kiingereza kuhusu siku wasiyoweza kuisahau. Yeye alichagua mafuriko ya 2024. Dada yangu anaishi upande wa Nyando, na mwaka ule mto ulipovunja kingo mtoto alikuwa huko kwa likizo, wakati shule zilipocheleweshwa kufunguliwa hadi Mei 13. Maji aliyaona kwa macho yake. Lakini insha yake ilianza hivi: jua lilikuwa likitabasamu kutoka mashariki na ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamu. Nilisoma mara mbili. Jua gani, mama? Akasema huo ndio mwanzo mzuri, waliukariri tangu shule ya msingi.

Niliumia. Mtoto aliyelala juu ya meza na nyanya yake, maji yakiwa chini yao, amefundishwa kuliweka kando aliloliona na kuazima jua la mtu mwingine. Nikamwambia afunge daftari, anieleze kwa mdomo maji yalivyoingia. Akasema hayakuja kwa kelele. Yalipita chini ya mlango gizani, membamba, yakarudi nyuma kidogo, yakaja tena, kama ulimi wa ng'ombe unaolamba sakafu. Nikamwambia aandike hilo, kwa Kiingereza, kama alivyolisema. Akauliza kama inaruhusiwa.

Sitaki walimu wafikiri nawatupia lawama. Darasa la mpwa wangu limejaa, na mwalimu mwenye mrundo wa karatasi za kusahihisha hana nafasi ya kwenda Dunga na kila mtoto. Ninachowaomba ni swali moja la nyongeza kila tamathali inapotajwa darasani: kwa nini hii, na si nyingine? Kwa nini bati na si kioo? Walimu wa lugha hizi mbili nao waketi pamoja angalau mara moja kwa muhula, walinganishe orodha zao. Wazazi wenzangu msiojua Kiingereza kingi, swali hilo mnaweza kuliuliza kwa lugha yoyote mliyo nayo. Na kwa wale wa CBE, mtaala mpya, walio nyuma ya darasa la mpwa wangu, wakumbuke kwamba mtaala unaweza kubadilika na wino mwekundu ukabaki palepale.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi. Gazeti likitenga pembe ndogo kila wiki ambapo wanafunzi wataleta tashbihi moja waliyoitunga kutokana na kitu walichokiona wenyewe, pamoja na maelezo mafupi ya kwa nini wamechagua hicho, mimi nitakata na kubandika ukutani kibandani, kwa kuwa si mpwa wangu pekee anayesomea pale. Yeye tayari ana ya kwanza ya kutuma, ile ya ulimi wa ng'ombe.

Fundi cherehani,
Kibuye, Kisumu