Aliyekodi hakukodisha

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka tisa bila kukuandikia hata mstari mmoja, na makosa ya chapa nimeyaacha yapite. Ile habari yenu ya mashamba ya mpunga katika bonde la Kilombero siwezi kuiacha. Bila shaka unaikumbuka. Kichwa kilisema "Wanakijiji wakodisha mashamba", na watu waliokisoma pale kwenye meza ya magazeti wakaanza kuwalaumu wanakijiji kwamba wanagawa ardhi ya wajukuu wao. Mpaka ufike aya ya tano ndipo unagundua kuwa wanakijiji hawakumpa mtu shamba lolote. Wao ndio waliotoa pesa kwa mwenye ardhi ili walime msimu mmoja. Basi walikodi. Aliyekodisha ni mwenye ardhi.

Silabi moja imemgeuza mpokeaji kuwa mtoaji. Mwandishi wako hawezi kukosea kwenye mkopo. Hataandika kwamba mkulima kaikopesha benki wakati ni yeye aliyekwenda kuomba. Kukopa ni kuchukua, kukopesha ni kumpa mwingine. Kupanga nyumba ni kwa anayeingia kuishi, kupangisha ni kwa mwenye nyumba. Kukodi na kukodisha ni njia hiyohiyo, sasa kwa nini hapo tu ndipo anapopotea? Kuazima peke yake ndiko kwenye utata wa haki, kwa sababu tunasema "nimeazima ndoo" kwa aliyechukua na "niazime ndoo" tukimwomba atoaye. Hapo simlaumu mtu, ingawa kuazimisha kupo. Na hata hapo lugha inajua inachofanya: ndoo unaiazima kwa kuwa utarudisha ileile, sukari unaikopa kwa kuwa ile uliyochukua imekwisha kwenye chai na utarudisha nyingine.

Wapo watakaosema maana inaeleweka. Haieleweki, na inakula pesa za watu. Ipo hati ya trekta, ya ukurasa mmoja, iliyopigwa chapa stesheneri na kushuhudiwa kijijini, yenye sharti hili: "Mkodishaji atagharamia dizeli, spea na ubovu wowote utakaotokea shambani." Plau la diski tatu likagonga kisiki kilichofichwa na majani. Diski moja ikapasuka, beringi yake ikafa, na trekta likasimama siku nne wakati mvua ndiyo imeanza na majirani wote wanapanda. Mwenye trekta akaweka kidole kwenye neno "mkodishaji" akamwambia mwenye shamba, ni wewe, umekuja kukodisha trekta langu. Mwenye shamba naye akaweka kidole palepale: ni wewe, unakodisha matrekta, ndiyo kazi yako. Kwa sarufi mwenye shamba ndiye alikuwa sahihi. Lakini walipoandikiana walikuwa wameelewana kinyume, kwamba mtumiaji ndiye atakayebeba gharama, na aliyeichapa hati alitumia neno kama anavyolisoma magazetini kila siku. Kwa hiyo mwenye trekta alidai alichoahidiwa na hati ikamkana, mwenye shamba akashinda kwa neno na kupoteza msimu, maana mpunga uliochelewa kupandwa haukungojei mmalizane. Hilo halisababishwi na ujinga wa wanakijiji, linasababishwa na sisi tunaoandika kwa ajili ya umma na kuliacha neno moja lisimame pande mbili.

Ninachowashauri wanaoandikishana ni kuyaacha hayo majina ya mkodi na mkodishaji kabisa. Andika "mwenye trekta" na "mwenye shamba" toka mstari wa kwanza mpaka sahihi. Kwenye mauziano ya ardhi pia, lichungeni neno "nimemuuzia". "Nimemuuzia mzee shamba" linaweza kuwa mzee ndiye mnunuzi, na linaweza kuwa shamba ni la mzee na dalali kamtafutia mteja. Katika maongezi utauliza, kwenye karatasi huna wa kumuuliza. Andika "nimeuza shamba langu kwa fulani", au "nimeuza kwa niaba ya fulani", mambo yaishe.

Na kwa kuwa nimeshaanza kuandika, hizi bei za mazao mnazotoa kila wiki nazo zina shida ileile. "Gunia la viazi limepanda." Gunia lipi? Debe ni ujazo wa lita 20, halijawahi kuwa uzito. Debe lililosawazishwa kwa ubao si sawa na debe lenye kilele, na debe la mpunga halifikii uzito wa debe la mchele kwa sababu maganda yanakula nafasi. Gunia lililoshonewa kilemba juu, yaani lumbesa, linanunuliwa kwa bei ya gunia la kawaida, na mkulima ndiye anayepunjwa. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita lumbesa miaka nenda rudi, halafu gazeti linaandika "gunia" bila kilo, na mnunuzi anaenda nalo shambani kama ushahidi wa bei. Andikeni bei ya kilo moja. Mkitaka kutaja gunia, tajeni na kilo zake.

Kuhusu vitenzi, naomba mhariri msanifu achukue karatasi moja, aandike kwa kalamu nene jozi nne: kopa na kopesha, kodi na kodisha, panga na pangisha, azima na azimisha, aibandike pale anapokaa anayetunga vichwa vya habari. Chini yake aandike swali moja: "Alimkodisha nani?" Kitenzi chenye -sha kinadai mtu wa kupokea. Kama ndani ya habari yupo, -sha ibaki. Kama hayupo, ifutwe. Waangalie na "-shwa": "mashamba yaliyokodishwa na wanakijiji" yametolewa na wanakijiji, "wanakijiji waliokodishwa mashamba" ndio waliopewa.

Ile habari nayo muirudie ukurasa uleule, kwa kichwa kilichosahihishwa. Ni herufi tatu tu za kufuta.

Msomaji wako,
Ifakara, Morogoro