Binti hana kosa lolote

Tanga, Jumapili

Shoga yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, wasiwasi wetu uko kwenu Bagamoyo. Picha ya majibu ya kipimo cha binti yetu nimeisoma yote. Ningeweza kupiga simu, lakini nataka ulisome jambo hili taratibu, kisha umpe baba yake naye asome.

Majibu hayasemi ugonjwa wa zinaa. Yanasema kichocho, kimekaa kwenye mlango wa kizazi, na seli hazina dalili ya saratani. Basi maneno yaliyokwisha kusemwa hapo nyumbani yafutwe, na mtoto aombwe radhi.

Umeniuliza kichocho kimefikaje huko wakati mkojo wake ni safi. Kazi yangu ni hizo slaidi, vile vioo vya kutazamia nyama kwa darubini, ngoja nikueleze. Kile kipande kidogo cha nyama walichomkata kwenye mlango wa kizazi hulowekwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kisioze, kikagandishwa ndani ya nta, kisha tunakikata vipande vyembamba sana, kama mikroni 4, na kuvitia rangi. Viini vya seli hugeuka zambarau, sehemu nyingine waridi. Upande unaoelekea ukeni utaona seli bapa zimepangana tabaka juu ya tabaka. Kwenye njia ya ndani ni safu moja tu ya seli ndefu zinazotoa ute. Chini yake ndipo ilipo mishipa midogo ya damu, na mayai ya minyoo ya kichocho huwa humo ndani ya nyama.

Yai lenyewe halifiki hata milimita 0.2. Lina ganda, na mwisho mmoja lina ncha kali. Ncha hiyo ndiyo tunayoitambulia kichocho cha mkojo. Mayai yaliyokufa zamani hushika chokaa, yakaonekana meusi-buluu. Mwili hauyavumilii. Huyazingira kwa chembe nyeupe za damu na seli kubwa zenye viini vingi, mwisho kovu. Daktari akitazama kwa macho huona madoa kama mchanga na mishipa inayotoka damu kwa kuguswa kidogo. Damu aliyokuwa akiiona binti, na yale maumivu, yametoka hapo.

Minyoo waliokomaa huishi kwenye mishipa ya damu iliyozunguka kibofu, nayo imeungana na ile ya kizazi. Mayai yanayofika kibofuni hutoka na mkojo. Mengine hunasa njiani. Ndiyo maana mkojo unaweza kupimwa ukaonekana safi na nyama imejaa mayai.

Na kuingia? Kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Konokono huachia vijidudu majini, navyo hupenya ngozi ya yeyote aliyetumbukiza mguu, hata mtoto wa miaka sita. Kumbuka miaka aliyokaa kwa bibi yake, akichota maji bwawani na kupanda mpunga. Mwanamume hahusiki hata kidogo.

Hili linaniuma sana, shoga. Wataalamu hukadiria wanawake na wasichana milioni 56 Afrika wana kichocho cha namna hii, na wengi huandikiwa dawa za zinaa mara kwa mara, wakarudi nyumbani na aibu isiyo yao.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Ale kwanza ndipo ameze, asije akachafukwa na roho. Dawa huua minyoo, mayai yaliyokwisha kunasa haiyaondoi, kwa hiyo asikate tamaa dalili zikichelewa kuisha. Arudi kliniki atazamwe tena. Apime na VVU, maana majeraha hayo huweza kuvifungulia njia virusi. Na wadogo zake waliooga naye bwawani wapelekwe pia, wavulana kwa wasichana.

Mwambie anipigie mwenyewe akitaka kuuliza lolote, hata usiku.

Wasalimie wote,
Shoga yako wa Ngamiani